Macho ya Jemutai

Kazi ya Micah ilikuwa kuchora vichwa. Ukipita mtaa wa Free Area ukaona kwenye ukuta wa kinyozi kijana mwenye panki safi na ndevu zilizochongwa, jua huyo ni wake. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa achorwe, nyuso alizitoa kwenye magazeti ya zamani, kurasa za matangazo ya vifo. Hakuwa na nia mbaya. Marehemu huwekewa picha nzuri: suti, amenyolewa vizuri, anatazama mbele.

Siku moja mama mmoja kutoka upande wa Bahati, Wariara, alisimama mbele ya kibanda cha kinyozi Bashir akaugusa ukuta.

"Huyu ni Weldon wangu. Ulimwona wapi?"

Micah akaona aibu kutaja gazeti. "Alikuja tu, mathe. Nikamchora akiwa mzima."

Mama alilia, akashukuru, akaenda zake. Mimi kwa uongo ule simlaumu. Lakini nyuso nyingine mbili zikatambuliwa, naye akarudia maneno yaleyale, mtaa ukajumlisha: kila aliyekaa mbele ya Micah akachorwa amekufa.

Basi umaarufu ukamvamia. Watu waliokuwa wakimpita kama nguzo ya stima sasa walimwona wakajifunika uso kwa mwavuli. Mzee mmoja alimletea kisirisiri picha ya shemeji yake, akauliza kama rangi ya mafuta hufanya kazi haraka kuliko ya maji. Micah alimfukuza, ila tuseme ukweli, alifurahi. Hakuna aliyewahi kumwona kuwa msanii. Akaanza kuvaa kofia nyeusi.

Aliyeumia ni mkewe, Jemutai. Saluni yake ilibaki tupu, maana nani atasukwa na mke wa mtu kama huyo? Naye ndiye pekee aliyejua habari ya magazeti.

"Nichore ukutani hapa nje ya saluni," akamwambia. "Wakiniona niko sawa, hii story itaisha."

Micah akachora msuko, shingo, mdomo. Macho huyaacha mwisho. Alipoyafikia, mkono ukagoma.

"Si uliniambia hao watu walikuwa wamekufa already?"

"Walikuwa."

"Sasa maliza."

"Na kama...?" Uongo alikuwa ameutunga mwenyewe, na bado aliogopa.

Jemutai alimtazama sana. Kisha akachukua brashi, akajichorea macho pale ukutani mwenyewe, moja juu kuliko lingine, akafungua saluni. Wateja walirudi, kwanza kuyacheka yale macho, halafu kusukwa. Mtaa ukamsahau Micah. Yeye hakusahau. Kila asubuhi alikaa ng'ambo ya barabara akijifanya anakoroga rangi, kumbe anasikiliza kama mkewe anapumua vizuri.

Jumamosi moja, saluni ikiwa imejaa, Jemutai akakohoa. Ilikuwa ile harufu kali ya dawa ya nywele tu. Micah alivuka barabara mbio na kopo la rangi nyeupe, akayafuta yale macho mbele ya watu wote.

"Micah," Jemutai alisema polepole, "umefanya nini?"

Wateja wakaangaliana. Kisha mmoja mmoja wakatoka, dawa ikiwa bado kichwani, wamejifunika nyuso kwa taulo za saluni.