Mkono Begani kwa Rehema

Nyinyi mnaosema kamera haidanganyi, njooni Kasongo niwaoneshe wajinga.

Asubuhi ya ndoa ya mdogo wangu Rehema, picha yake ilitoka na mkono wa mwanaume begani.

Mkono tu. Kichwa hakuna, mwili hakuna.

Kwetu, kabla ya shehe kufungisha ndoa, bwana na bibi harusi hawapigwi picha pamoja. Kila mmoja peke yake, kiti kile kile, pazia jeupe nyuma. Kamaldine, bwana harusi, ndiye alianza. Akasimama kando ya kiti, mkono juu ya egemeo, kifua mbele kama waziri. Alipotoka tu, Rehema akaketi. Paa!

Mpiga picha, Souleymane, aliinunua kamera ile Salamabila, na tangu siku hiyo hatusalimii vizuri. Vitufe vyenyewe hata nusu havijui. Alipouona mkono kwenye kioo cha kamera, badala ya kusema "sijui", akaanza kutetemeka kwa makusudi.

"Kamera yangu inaonaka mambo ya siri," akasema.

Tante Hidaya, shangazi wa Kamaldine, akachungulia, Kamaldine mwenyewe nyuma yake. Mama yule, mdomo wake haujui kupumzika.

"Loo! Huyu mutoto iko na bwana wa majini! Hatuoi hapa! Turudi kwetu!"

Mama yangu akakaa chini kwenye vumbi. Rehema, hina bado mbichi mikononi, akamtazama Kamaldine. Alingoja neno moja tu.

Kamaldine? Akavuta mkono wa kanzu yake, akatazama viatu.

Hasira ikanipanda. Nikamnyang'anya Souleymane kamera, nikabonyeza-bonyeza mpaka nikaona neno la Kifaransa: surimpression. Chini yake imeandikwa wazi kabisa kwamba picha mbili zinaungana kuwa moja. Souleymane, bwana mkubwa, aliiwasha bila kujua!

Nikampiga picha mbuzi wa karamu, uso mzima. Kisha nikamgeukia Tante Hidaya. Paa!

Tante akatoka na pembe mbili. Na ndevu.

Uwanja mzima ulicheka. Hata shehe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alijifuta machozi.

"Sasa ule mukono ni wa nani?" Mama akauliza.

"Wa aliyepigwa kabla yake, Mama. Pazia jeupe limemmeza, ukabaki mkono tu juu ya vazi la Rehema."

Nikaikuza picha. Mkononi palikuwa na saa ya mkanda mwekundu.

"Shemeji, pandisha mkono wa kanzu."

Hakutaka. Nikaupandisha mwenyewe. Saa ile ile!

Rehema akauliza polepole, "Kamaldine, uliitambua saa yako?"

"Niliitambua," akajibu, sauti ya kifaranga. "Lakini tante alikuwa amekwisha kusema."

Yaani alijua! Mchumba wake anaitwa mke wa majini mbele ya mtaa mzima, yeye anaficha saa!

Rehema akasimama, akavua shela, akampa Tante Hidaya.

"Chukua mutoto wako. Mimi sitaki mwanaume anayeogopa mukono wake mwenyewe."

Walirudi kwao njaa tupu. Mbuzi tulimla sisi. Na Souleymane, hana hata aibu, leo anatangaza kwamba kamera yake inafichua wachumba wabaya.

Dada zangu, mwanaume akinyamaza wakati mnatukanwa, msingoje picha. Mkono ule haukuwa na kichwa, na mwenye mkono vilevile.