Marthe na Uso wa Ganza

Watu wa Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wanaijua kazi ya Marthe hata kama hawamjui mwenyewe. Kile kichwa cha mwanamke mwenye nywele zilizosukwa, ukutani mwa saluni karibu na soko, ni chake. Ng'ombe mwekundu kwenye duka la dawa za mifugo ni wake pia. Mitumbwi mingi inayovua ndakala, wale dagaa wa ziwani, iliandikwa majina na yeye, kwa herufi nene zenye kivuli cha njano, huku wenye mitumbwi wakisimama nyuma yake na kubishana jinsi jina linavyoandikwa.

Alizaliwa Baraka lakini hakukulia pale. Vita viliwapeleka, yeye na wazazi wake, ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Huko ndiko alikojifunza kuchora, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiandika namba kwenye milango ya vibanda na, akichoka na namba, akichora ndege. Waliporudi, mama yake alikuta kiwanja chao kimejengwa na watu wengine. Baba yake hakurudi. Marthe akaanza kuandika vibao ili wapate kula. Akaolewa, akazaa binti, Nadège, kisha mume akaenda kutafuta kazi Kalemie na akabaki huko. Watu humwita Mama Nadège, na vibao ndivyo vilivyowalea.

Chama cha wachoraji kilianzishwa na Roger, mwanamume mrefu mwenye maneno machache, aliyewahi kusoma sanaa Bukavu mpaka karo ilipomshinda. Aliomba ghala la zamani la pamba, lile lenye mabati yaliyoota kutu, akalifagia pamoja na wenzake na kupaka kuta chokaa. Kila Jumamosi mchana wanachama walikutana humo. Walifundishana kuchanganya rangi, kuvuta kitambaa juu ya fremu na kusafisha brashi kwa mafuta ya taa. Halafu milango ilifunguliwa, watu wakaingia na kukaa kwenye mabenchi, na mmoja wa wachoraji akasimama mbele yao akachora kitu kuanzia kitambaa kitupu mpaka mwisho, akieleza anachofanya.

Watu waliyapenda sana hayo maonyesho. Wilfried alichora wachezaji wa mpira. Roger alichora milima. Marthe alichora nyuso: alimwita mtu yeyote kutoka kwenye benchi, akamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, na kabla jua halijageuka watu walikuwa wanapiga makofi na kuita, "Njo yeye! Njo yeye kabisa!" yaani ndiye huyo hasa. Wauza samaki walikuja na mabeseni yao matupu. Florentine, mama mmoja mwenye meza ya samaki wa kukaanga, alikuwa na nafasi yake benchi la mbele, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Yalikuwa mambo mazuri katika mji uliokuwa ukiharibika. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza nyumba za chini. Milimani nako vijiji vilikuwa vinaungua, wafugaji na wakulima wakiuana, na kila upande ulikuwa na wafu wake. Watu wa milimani, wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda, walishuka na watoto na masufuria, wakajengewa vibanda vya maturubai karibu na kambi ya askari. Hawakutembea sana mjini. Waliogopa, na wenyeji nao waliwaogopa.

Jumamosi moja, baada ya onyesho, mwanamke mmoja alibaki amesimama mlangoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, amejitanda kitenge mpaka masikioni. Marthe alikuwa anakusanya brashi.

"Bonjour mama," mwanamke alisema. "Nasikia unachoraka batu."

"Ndiyo. Karibu, ikala."

Hakukaa. "Unaweza kuchora muntu mwenye hayuko?"

"Kama uko na foto yake, naweza."

"Foto iliungua na nyumba. Ni mutoto yangu, Ganza. Balimuua mu njia, wakati tulikuwa tunashuka."

Marthe aliwahi kuchora wafu wengi, lakini wote walikuwa na picha, hata kama ni ya simu iliyopasuka kioo. Alimwambia yule mama kwamba haiwezekani, kwamba mkono hauwezi kuchora kitu ambacho jicho halijaona. Alimwambia kwa upole, akitazama chini.

"Mama, nimeanza kumusahau," mwanamke alisema. "Asubuhi nikiamuka namutafuta. Sauti yake inakuja, lakini uso unachelewa. Naogopa siku moja hautakuja."

Marthe akaweka brashi chini. Akamuuliza jina lake. Aliitwa Mugwaneza.

Rangi za chama zilikuwa za kutumiwa kwenye maonyesho tu. Ndivyo walivyokubaliana wote. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata Marthe alimkalisha Mugwaneza kwenye kile kiti cha dirishani, mbele ya watu, akawaambia, "Leo sitachora kwa macho. Nitachora kwa masikio. Huyu mama atanielezea mutoto wake."

Mugwaneza alipofungua mdomo, watu walisikia lafudhi ya milimani. Minong'ono ikaanza nyuma. Wanaume kadhaa wakasimama wakatoka, mmoja akausukuma mlango kwa nguvu mpaka vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati. Mugwaneza akamtazama Marthe. Marthe akamwambia aendelee.

Onyesho lile halikufaa. Mugwaneza alisema Ganza alikuwa mzuri, alikuwa mpole, alipenda kucheka. Mama yeyote angesema hivyo. Marthe alichora kwa mkaa, akauliza, "Ni vile?" Mugwaneza akatikisa kichwa. Akafuta, akachora tena. "Na hivi?" Akatikisa tena. Kitambaa kikawa cha kijivu kwa kufutwafutwa, na watu wakaondoka mmoja mmoja bila kupiga makofi.

Roger alimngoja Marthe nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama Nadège, unatutafutia nini?"

"Ni mama mwenye kufiwa, Papa Roger."

"Na mimi sikufiwa? Unajua kaka yangu alikufia wapi. Tulimukuta mu shamba yake ku Kilembwe, na nyumba ilikuwa bado inatoa moshi. Nani alituchorea ule?"

Marthe aliutazama ukuta wa ghala. Alimjua yule kaka. Alikuwa ndiye aliyewasaidia kupaka chokaa kwenye ghala.

"Sikukatazi," Roger alisema. "Lakini mi sitakuwamo."

Jumamosi iliyofuata Roger hakuja, na mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Marthe alifika mapema. Usiku mzima wa kuamkia siku hiyo alikuwa amefikiri, na akaona kwamba kosa lilikuwa lake: alimtaka yule mama atafute maneno, na maneno hayakuwa mahali ambapo mtoto alikuwa amehifadhiwa. Mugwaneza alipokaa, Marthe alipangusa mikono yake, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Funga macho," alisema. "Shika uso yangu. Usiseme kitu. Nionyeshe tu fasi uso yake ilianzia, na pahali iliishia."

Mugwaneza alisita. Kisha vidole vyake vikafika. Vilikuwa vigumu, vya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni. Vikapita kwenye paji la uso la Marthe na kupanda juu zaidi, kuonyesha kwamba la Ganza lilikuwa kubwa kuliko hilo. Vikabana mashavu. Vikashuka kwenye taya na kuikata mapema, kwa sababu taya ya mtoto ilikuwa fupi. Kwenye mdomo vilisimama. Mugwaneza akatabasamu akiwa amefumba macho, na watu wote waliona kuwa wakati ule alikuwa na mwanawe.

Marthe aliinuka, akachora haraka kwenye kitambaa kipya, akarudi kupiga magoti, akainuka tena. Halafu sauti ikatoka benchi la mbele.

"Na masikio?" aliuliza Florentine. "Ilikuwa ya kusimama ao ya kulala?"

Mugwaneza akafumbua macho. "Ya kusimama," alisema. "Moja ilikuwa na alama. Ndama ilimupiga pembe."

"Upande gani?"

"Huu hapa."

Mama mwingine akauliza kama nywele zake zilikuwa nyingi. Mwingine akauliza meno. Mugwaneza aliwajibu wote, kwa sauti iliyozidi kupata nguvu, na Marthe akaweka rangi: kahawia, nyekundu kidogo shavuni, bluu nyembamba chini ya kidevu. Florentine alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Mwanawe wa kwanza alifunikwa na udongo kwenye mashimo ya dhahabu ya Lulimba, na hawakumtoa.

"Simama hapo, mama," Mugwaneza alisema ghafula. Alikuja karibu na kitambaa, mkono umefunika mdomo. "Hapa ni yeye. Hii pua ni yake. Huu mudomo ni wake."

Zilibaki sehemu mbili nyeupe, mahali pa macho. Jua lilikuwa limegeuka, rangi ilikuwa mbichi, na Marthe hakupenda kuweka macho kando ya rangi mbichi. Akamwambia watayafanya Jumamosi ijayo. Mugwaneza alimshika mikono yote miwili kabla ya kutoka.

Katikati ya wiki Marthe alikuwa juu ya ngazi, anaandika jina la farmasi moja, aliposikia wapita njia wakisema kwamba vita vimesogea na watu wa maturubai wanahamishwa kwa malori. Aliacha herufi nusu, akapanda moto, yaani pikipiki, akamwambia motari aliyeiendesha akimbie. Walipofika, malori yalikuwa yameondoka. Miti ya vibanda ilikuwa imebaki imesimama, na mafiga, na majivu. Wanawake wa jirani walikuwa wanaokota vipande vya turubai. Marthe aliwauliza walikopelekwa. Mmoja alisema Burundi. Mwingine alisema wamerudishwa milimani. Askari aliyekuwa pale akamwambia aende nyumbani.

Picha ilibaki ghalani, imeegemezwa ukutani, na yale madoa meupe mahali pa macho. Watu waliokuja kwenye maonyesho hawakupenda kuitazama. Watoto walilia. Mwishowe Roger, aliyerudi baada ya Mugwaneza kuondoka, aliifunika kwa gunia.

"Mama Nadège, tia macho yoyote tuimalize," alisema, bila hasira. "Macho ni macho."

"Yake sijaonyeshwa," Marthe alijibu.

Alimtafuta Mugwaneza kupitia makanisa. Mchungaji mmoja alimwelekeza kwa mwingine, na baada ya muda mrefu, mvua zikiwa zimeshaanza, alipata namba ya mama mchungaji mmoja aitwaye Espérance, aliyekuwa Burundi, kwenye kambi ile ile na Mugwaneza. Marthe alipiga picha ya kitambaa kwa simu, akaituma, akaomba Mugwaneza amweleze macho.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti. Marthe alilisikiliza akiwa amechuchumaa kwenye beseni la kuoshea brashi.

"Mama Nadège, ni Mugwaneza. Nashukuru. Unaniuliza macho. Natafuta tangu ile siku tulipanda lori, na hayakuji. Nimeuliza dada yake, anasema yalikuwa madogo. Mi naona yalikuwa makubwa. Tumegombana. Tia yenye utaona mwenyewe, mama. Unisamehe."

Roger alimkuta pale pale, simu mkononi. Marthe alirudisha sauti mwanzo akampa asikilize. Roger alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba asikilize tena. Akakaa chini, mgongo ukutani.

"Kaka yangu, niko na foto yake," alisema. "Naiangaliaka kila siku. Nikiiacha, sijui kama nitamuona."

Aliinuka, akatoa gunia kwenye picha, akaichukua na kuiweka dirishani penye mwanga. Halafu akamletea Marthe brashi ndogo, ile nyembamba, na akatoka nje.

Marthe hakubuni macho. Alichora kope zimeshuka, kama za mtoto anayetazama kitu kilicho chini miguuni pake, ndama labda, au kidole alichojikwaa. Alifanya kazi hiyo polepole, na alipomaliza hakuona furaha yoyote. Akatuma picha.

Siku kadhaa zikapita ndipo Espérance akajibu. Mugwaneza ameona, alisema. Amelia. Amesema si yeye kabisa, lakini atabaki na huyo.

Kitambaa chenyewe hakikumfikia. Barabara ilifungwa, mashua zilikuwa zinapekuliwa, na hakuna aliyekubali kubeba sura ya mtoto wa milimani kwenye mizigo yake. Kiko nyumbani kwa Marthe, kimefungwa kwa shuka, nyuma ya kitanda cha Nadège.

Chama nacho hakikudumu. Mvua za mwaka ule zilileta ziwa mpaka kwenye ukuta wa ghala, na ukuta ukaanguka kwa upande wa madirisha. Wilfried alienda Lulimba kuchimba. Roger alivuka kwenda Tanzania na picha ya kaka yake mfukoni mwa shati. Alimwonyesha Marthe kwa mara ya kwanza siku walipoagana ufukoni. Mabenchi yalichukuliwa na watu kwa kuni.

Marthe anaendelea kuandika vibao. Asubuhi utamkuta kwenye ngazi, kitambaa kichwani, herufi zake zikiwa nene na nzuri kama zamani. Florentine amemwomba mara nyingi aende kwake wakae, ili naye amshike uso na kumwonyesha yule mwanawe aliyebaki chini ya udongo wa Lulimba. Marthe hukumbuka macho ya Ganza, akamwambia angoje kidogo, mvua zipite. Mvua zimepita. Florentine anamtazama kila akipita mbele ya meza yake ya samaki, na Marthe anamsalimia na kuharakisha.