Padri wa Chumba cha Nyuma

Mdogo wangu ni padri. Nasema ni, sisemi alikuwa, ingawa askofu alimsimamisha kwa ajili ya pombe na sasa analala chumba changu cha nyuma, hapa Busale. Nimechoka jamani. Nimechoka kumpikia, kumfulia, kwenda kumtoa kwenye kilabu cha kimpumu huku walevi wenzake wakiuliza, "Padri, misa saa ngapi?" Hao hao asubuhi wakimkuta na jembe wanavua kofia: "Tumsifu Yesu Kristo, Baba." Naye hujibu akitazama chini.

Masika haya mto ulikata barabara. Jirani yetu, mama aliyekuwa mstari wa mbele kumshtaki kwa askofu, akazidiwa. Paroko yuko ng'ambo, hawezi kuvuka. Mchana binti wa yule mama akaja na matope hadi magotini: mama anataka kuungama, anamwita mdogo wangu.

"Mimi? Yule mama?" Alikuwa ameketi juu ya gunia la mpunga. Siku hiyo hakuwa amekunywa. "Dada, mimi si nimezuiwa?"

"Hata kwa mtu anayekata roho?"

"Hapana. Anayekufa hanyimwi. Upadre wenyewe haufutiki."

"Sasa unangoja nini, bwana wee? Inuka!"

Akanawa. Akachomoa stola, ule mkanda wa padri wa shingoni, chini ya godoro. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nalitandika godoro hilo, sikujua.

Kwa yule mama, mimi na binti yake tulisubiri barazani. Tulimsikia yule mama akilia, kisha akatulia, kisha sauti yake nyembamba ikishukuru: "Ndaga fijo, Baba." Alifariki kabla jua halijazama.

Nyumbani nilimwekea ndizi na samaki. Hakugusa.

"Yule nimemwondolea dhambi, dada. Mimi siwezi kujiondolea. Mimi nitakwenda kwa nani?"

Niliumia, kwa sababu nilidhani chakula na nguo safi vinamtosha.

Kulipokucha nikamwamsha. "Vaa. Tunakwenda kwa paroko."

"Mto bado umejaa."

"Nimeuona. Vaa."

Maji yalikuwa yamepungua, lakini yalitufika kiunoni. Nilimshika mkono tukaingia, namsema mpaka katikati ya mto, naye akanishika kwa nguvu, stola kaivaa shingoni isilowe.