Asumani, Aliyenuna Jukwaani Tu

Kichwa changu bado kinakataa, wandugu. Asumani wetu wa teatri, homa imemubeba juma hili. Toka asubuhi munaniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Jana wamemuzika hapa Kasongo.

Mimi nilicheza naye kwenye kikundi miaka mingi. Kila mara yeye ndiye alikuwa ule mwanaume wa kununa: anaingia na koti nyeusi, hasalimii mutu, anasimama pembeni, macho mbali. Sale nzima, watazamaji wote, kimya!

Sijui sisi wanawake tunapendea nini mwanaume wa namna ile. Nazani kila moja anajiambia: kwangu mimi, atasema. Mimi nilikuwa najua piese, ule muchezo wetu, yote kwa kichwa, na bado moyo ulikuwa unanidunda.

Na nje ya jukwaa? Aliuza vitenge sokoni, na mudomo wake haukujua kupumzika. Alicheka hadithi zake mwenyewe kabla ya kuzimaliza.

Siku moja tukaenda kucheza Kabambare. Pikipiki, matope, tulifika tumechoka kabisa. Asumani alicheza mwanajeshi anayerudi na kukuta muchumba wake ameolewa. Alimuangalia tu, akageuka, akaondoka polepole.

Mama moja nyuma akasimama: "Umuite basi, weye musichana, umuite!" Sale yote ikaanza kumuita. Ile siku nilipenda kazi yetu kuliko siku zote.

Haikupita muda, dada moja akashuka pikipiki sokoni kwetu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake Zaina, wa Lusangi. Alikuwa ametuona Kabambare.

"Dada, ule mwanaume wa koti iko wapi?"

Nikamuonyesha. Asumani alikuwa amejifunika kitenge kama bibi arusi, anachekesha wateja.

Zaina akamuangalia sana. "Hapana. Labda ni ndugu yake."

Asumani alisikia. Akavua kitenge, akavaa sura ya jukwaani, akakaa karibu naye bila neno. Alivumilia mpaka chai ilipofika. Sukari ilikuwa kidogo, basi akaanza: habari ya sukari, ya mama yake, ya mbuzi wa jirani. Zaina alicheka mpaka akamwaga chai.

"Kumbe weye muongo. Mimi nilifuata mwanaume wa huzuni."

"Huzuni ni kazi yangu," Asumani akajibu. "Nyumbani siifanyi."

Wakaoana. Nani angekataa jibu kama lile?

Juma hili, kule hospitali, alinyamaza kweli. Zaina akamushika mukono: "Asumani, hapa hakuna watu wa kukutazama. Sema."

Akafungua macho. "Zaina, huyu wa kitanda cha pili anakoroma kama kinu cha kusaga mihogo."

Zaina akacheka kwa sauti. Muuguzi akaja mbio, akizani ni kilio. Baada ya pale, Asumani hakusema tena.

Leo Zaina amenipigia: "Nyumba iko kimya sana. Mukuje, musemeseme." Tunaenda sasa hivi, kikundi chote. Tumepatana hakuna mutu wa kukaa pale kwa sauti ya chini.

Kaka Asumani, asante kwa kutudundisha mioyo, na asante zaidi kwa kutuchekesha. Mungu akupokee vizuri. Ulale kwa amani, ndugu yangu.