Fahali wa Kasokola na Kichupa cha Usingizi

Kwa miaka minane nilikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe kule Kasokola, na wafugaji waliniita daktari. Sikuwakataza. Nililaza mafahali kwa kamba, kwa njia niliyojifunza kwenye kitabu kimoja cha mifugo cha Kiingereza, nilichokisoma nikiwa na kamusi mkononi.

Kisha wilaya ikatuletea daktari wa kweli, kijana kutoka chuoni, mwenye kichupa cha dawa ya usingizi. Nilikionea wivu kichupa kile kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Tuliitwa kwa mzee mmoja Msukuma. Fahali wake mkubwa alikuwa na jipu kwenye ukwato, hakanyagi. Kijana akamchoma sindano, akarudi nyuma kusubiri.

Fahali alipoanza kuyumba, mzee akadhani anakufa. Yeye na wanawe wakamzunguka, wakapiga miluzi na kumwita kwa majina ya sifa, kama wanavyomtia nguvu ng'ombe aliyechoka njiani. Fahali akainua kichwa, akagoma kulala.

"Hiyo dawa au maji ya kisima?" mwana mmoja akacheka, kisha akanigeukia. "Daktari, lete kamba zako bwana!"

Kitabu changu kilisema wazi: mnyama aliyechomwa dawa hiyo asipigiwe kelele, la sivyo hatalala. Ningewaambia tu wanyamaze. Sikusema. Nilikunja mikono kifuani nikatazama jasho la kijana likitiririka, nikaona raha.

Kijana akachoma sindano ya pili. Watu walipochoka kupiga miluzi, dawa yote ikamshika fahali kwa pamoja. Akaanguka ubavu, tumbo likaanza kuvimba, mate yakamjaa kooni.

"Mmeniulia, nyie wawili," mzee akasema, akakaa chini.

Hapo ndipo nilipomkimbilia fahali. Tukamgeuza akalalia kifua, tukamwegemeza kwa magunia ya pumba, nikamshusha kichwa mate yatoke. Baada ya muda akabeua, tumbo likapungua. Kijana akapasua jipu.

"Kosa ni langu, mzee," akamwambia mwenye fahali. "Sikuwaambia mnyamaze."

Njiani kijana akaniuliza, "Habari ya kelele ulikuwa unaijua?"

"Hapana," nikasema.

Basi akanieleza, taratibu, kwa heshima, karibu kwa maneno yale yale ya kitabu changu. Nami nikaitikia kwa kichwa kila sentensi, mpaka tukafika mjini, Kashaulili.