Vijiwe vya Machoni mwa Zaituna

Hadi leo nikinusa spiriti ya hospitali humkumbuka daktari mzee aliyepanda ngazi za nyumba yetu, Schaerbeek, Ubelgiji, akihema, koti lake likinuka dawa na mvua. Mimi nilikuwa na miaka minane. Dada yangu Zaituna, mwenye kumi na minne, alikuwa akilia vijiwe.

Ndiyo, vijiwe. Alisugua jicho, kijiwe cheupe kikaanguka kiganjani. Majirani, Warundi wenzetu, walijaa sebuleni na ubani wao, wakinong'ona kuhusu majini, hadi mmoja akashauri apungwe kwa bakora. Hapo baba akaogopa, akamwita huyo Mbelgiji mstaafu aliyetibu watu miaka mingi vijijini Burundi.

Daktari alimmulika macho, kisha akawaomba watu watoke. Mimi nilimng'ang'ania dada, daktari akaniacha nibaki. Akatusimulia kisa cha karne za nyuma: msichana wa kijijini kwao alitema sindano, watu wakastaajabu, mpaka daktari wa pale akagundua anazificha shavuni, akamuumbua kanisani mbele ya wote.

"Daktari yule alisema kweli," akatuambia. "Lakini yule mutoto hakusema tena na muntu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Bon. Mimi nakuuliza."

Zaituna akafungua kiganja, akamwonyesha vijiwe.

"Ni changarawe za chungu cha maua," akasema. "Nilimsikia baba kwenye simu. Bibi amekufa Bujumbura, na wanatuficha. Nilitaka waniulize nina nini. Wakauliza habari za mawe tu."

Bibi ndiye aliyemlea tangu akinyonya.

Sebuleni daktari alimwambia baba maneno machache. "Papa, macho yake ni mazima. Ana msiba. Kaa naye, umwambie habari za mama yako."

Nilidhani amesahau changarawe, nikamfuata mlangoni kumkumbusha. Akaweka kidole mdomoni, akashuka zake.

Jioni ile baba alimkumbatia Zaituna, wakalia pamoja, machozi ya maji. Ijumaa tukamsomea bibi hitima, na majirani walewale wakaleta pilau.

Kwa miaka mingi niliona daktari yule hakumaliza kazi yake. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba angeweza kutoka kwetu na sifa zote, akatuachia dada aliyevunjika. Hakuna aliyewahi kumwita Zaituna mwongo. Kwa hilo namshukuru daktari wetu, na sikuwahi kumwambia asante akiwa hai.