Sauti ya Kwenye Soketi

Juzi mwanangu alichomeka kidude kwenye soketi, akanieleza kwamba intaneti hupita kwenye nyaya za stima. Nilicheka. Hayo niliyajua utotoni.

Mama alikuwa mpishi wa tajiri mmoja mjini Kisumu. Jikoni, kwenye harufu ya samli, kisanduku kilichochomekwa kwenye soketi ya ukutani kilileta sauti kupitia nyaya za stima, kikiita kutwa: "Mama Atieno, chai!" Memsahibu, mke wa tajiri na mwenye sauti hiyo, sikuwahi kumwona; niliamini anaishi humo ukutani.

Alasiri moja Mama alikuwa ndiyo kwanza ameketi kula. Kisanduku kikaita. Akaweka tonge chini, akainuka. Nikabonyeza kitufe cha kujibia.

"Mama anakula. Ngoja!"

"Atieno! Unataka nifukuzwe?"

"Atatokaje kwenye vitundu vidogo hivi?"

Ukuta ukanyamaza. Mama akaketi, akamaliza ugali wake.

Leo najua memsahibu alikuwa ghorofani tu, na ngazi zilikuwepo. Ningemjibu vilevile.